Kuingiza rekodi za spishi kwenye programu bila kuzivusha Ikweta

Wanaohesabu ndege Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria huko Kisumu, wanaotembea Msitu wa Kakamega na daftari mkononi, wanaosimama na darubini ufukweni mwa Ziwa Nakuru: wengi wao hawana shida na kazi ya nje. Wanakwama wakifika kwenye kompyuta. Jedwali limechapwa kwa bidii, faili limepakiwa, na programu inalirudisha lote kwa ujumbe mwekundu usiosema kosa liko wapi. Nimeona kumbukumbu nzuri za miaka mingi zikiishia kwenye flashi ndani ya droo kwa sababu hiyo tu, na inaniuma, maana maziwa na misitu yetu inabadilika haraka na kumbukumbu hizo ndizo ushahidi wa jinsi palivyokuwa.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja. Mstari uliokataliwa haujaharibu kitu. Umerudi kwako, utaurekebisha. Wa kuogopa ni mstari wenye kosa ambao programu imeupokea bila neno. Huo unakaa kwenye ramani kama ukweli, mtafiti aliye mbali anauchukua, na hakuna atakayerudi kukuuliza. Hatua nyingi hapa chini zinalenga kosa la aina hiyo ya pili.

Hatua ya 1: Jua faili linakwenda wapi

eBird, hifadhidata ya mtandaoni, inapokea ndege peke yake, kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma) lenye safu 19 katika mpangilio wake maalumu, na mstari wa kwanza usiwe wa vichwa vya safu. iNaturalist inapokea kiumbe chochote, ila rekodi isiyo na picha wala sauti haipandi hadi daraja la utafiti (Research Grade). Kenya Bird Map, iliyoanza 2013, inagawa nchi katika miraba ya dakika 5 kwa dakika 5, kama kilomita 9 kila upande, na orodha zake nyingi hutumwa kwa simu kupitia programu ya BirdLasser. GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, haipokei faili la mtu binafsi; lazima lipitie taasisi iliyosajiliwa, na safu zake hufuata majina ya kiwango cha Darwin Core kama vile eventDate na decimalLatitude.

Kwa sababu kila mahali pana matakwa yake, usichape data moja kwa moja katika umbo la programu yoyote. Tengeneza jedwali mama moja lenye kila kitu ulicho nacho, kisha toa humo faili la kila programu kwa fomula.

Hatua ya 2: Linda cha asili na upe kila mstari namba yake

Faili la kwanza lililochapwa kutoka kwenye daftari liache kama lilivyo, fanyia kazi nakala. Kila mstari upewe namba isiyobadilika, kwa mfano DUNGA-2019-0001, pamoja na ukurasa wa daftari ilikotoka rekodi. Bila namba hiyo huwezi kujua mstari upi umeshapakiwa na upi bado, na ukipakia faili mara mbili utazaa rekodi pacha. Kuzifuta baadaye ni kazi kubwa kuliko ile ya kuziingiza.

Hatua ya 3: Mahali

Hapa kaa zaidi kuliko hatua nyingine zote.

Ikweta inapita Maseno. Kisumu iko kusini yake, Kakamega kaskazini. Ukitoka Nakuru kwenda Marigat unaivuka Mogotio. Latitudo ya kusini huandikwa na alama ya kutoa mbele yake, kwa hiyo Dunga ni kama -0.145, 34.737. Alama hiyo ikidondoka, rekodi inaruka kilomita 32 hivi kaskazini na kutua Vihiga. Programu haina sababu ya kushtuka: bado ni Kenya, bado ni nchi kavu, bado ni magharibi. Kwa Laniarius mufumbiri, yule ndege wa kifua chekundu anayeishi kwenye mafunjo, mhakiki mwenye uzoefu anaweza kushangaa ameonekanaje kwenye vilima. Kwa yangeyange au kwarara hakuna atakayeshangaa.

Nakuru hali ni mbaya zaidi. Ziwa liko kama -0.37, 36.09. Ondoa alama ya kutoa, na heroe wako wote wanahamia karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Bogoria, kilomita 80 na ushei kutoka ulipowahesabu. Bogoria ni ziwa la heroe kweli. Maji ya Nakuru yalipopanda na chumvi yake kupungua, heroe walipungua huko, na kujua wamekwenda wapi ni swali ambalo watu wanalitafutia jibu kwa data kama hii hii yako. Alama moja iliyodondoka inaweza kuonekana kama kundi zima limehama.

Alama hudondoka kwa njia tatu ninazokutana nazo mara kwa mara. Mashine ya GPS inaonyesha S 0.145, na mwandishi ananakili tarakimu na kuiacha herufi. Au namba inapitia Word au WhatsApp, kistari kifupi kinageuzwa kirefu, na Excel inaona maneno badala ya namba. Au mtu anaona safu ina namba chanya na hasi, anadhani hasi ni makosa, anazisafisha.

Dawa ni kutoandika alama kwa mkono kabisa. Weka safu ya pekee yenye N au S, uijaze kwa kila mstari, kisha fomula ifanye kazi. Kama D ni digrii, E ni dakika, F ni sekunde na G ni herufi, andika:

=IF(G2="S",-1,1)*(D2+E2/60+F2/3600)

Kama namba zako tayari ni za desimali, ziweke D na uache E na F wazi. Usitie alama ya kutoa kwa mkupuo kwenye safu nzima eti kwa sababu wewe ni wa Kisumu. Kikundi kilichotembelea Kakamega siku moja kitajikuta kimemweka Corythaeola cristata, shorobo mkubwa wa buluu wa msituni, kwenye tambarare za Kano karibu na ziwa.

Fomula hiyo inatibu na ugonjwa mwingine, wa kuandika dakika na sekunde kana kwamba ni desimali. Digrii 0, dakika 8, sekunde 42 kusini ni -0.145. Wengi huandika -0.0842. Longitudo ya 34°44'13" ni 34.737, lakini huandikwa 34.4413, na kosa hilo peke yake linakusukuma kilomita 30 na zaidi kuelekea magharibi. Ukiona safu nzima ambayo tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazizidi 59 hata mara moja, shuku mara moja.

Kubadilishana nafasi kwa latitudo na longitudo ni kosa jepesi, maana linajitangaza: rekodi za Kisumu zinatokea Algeria. Seli tupu zilizosomwa kama sifuri nazo zinaonekana, ziko Ghuba ya Guinea, katikati ya bahari.

Wenye rekodi za zamani wana mambo mawili zaidi. Kwanza, ramani za karatasi za Survey of Kenya zilitumia datamu (msingi wa kupimia ramani) ya Arc 1960, na GPS ya leo inatumia WGS84. Ukichanganya hizo mbili bila kubadilisha unapotoka kama mita 300. Kwa mraba wa kilomita 9 si neno, kwa kiota ni umbali mkubwa. Pili, ukitumia namba za UTM, zinazopima mahali kwa mita ndani ya kanda, mpaka wa kanda uko longitudo 36. Njoro iko kanda ya 36, mji wa Nakuru kanda ya 37. Kikundi kinachozunguka kaunti moja kinaweza kuvuka kanda asubuhi moja, na namba zisizotaja kanda haziwezi kuokolewa kwa kukisia.

Na kama daftari linasema tu "Dunga", usijifanye unajua mti aliotua ndege. Weka nukta ya katikati, na kwenye safu ya kutokuwa na uhakika andika mita 2000 au kadiri inavyostahili. Rekodi isiyo sahihi sana lakini inayosema hivyo waziwazi ina thamani.

Hatua ya 4: Tarehe

Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. eBird inataka mwezi kwanza. Ukipeleka 25/4/2022 itakataliwa, na hilo ni jema. Ukipeleka 3/4/2022 itapokelewa kama tarehe 4 Machi. Siku 132 za kila mwaka zinaweza kugeuzwa hivyo bila programu kugundua. Mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, uliyemwona tarehe 7 Novemba atasomeka 11 Julai, na pengine mhakiki atauliza anafanya nini Kenya wakati huo. Ndege mkaazi wa mwaka mzima hataulizwa.

Gawa tarehe katika safu tatu: mwaka, mwezi, siku. Excel haiwezi kuzivuruga zikiwa namba tatu za kawaida. Ukitaka kutoa faili, ziunganishe: =TEXT(DATE(A2,B2,C2),"mm/dd/yyyy") kwa eBird, "yyyy-mm-dd" kwa Darwin Core.

Angalia pia kama kuna aliyejaza tarehe kwa kuburuta seli kwenda chini. Excel huongeza siku moja kila mstari, na orodha ya asubuhi moja inatawanyika mwezi mzima. Ukiona tarehe zinapanda moja moja bila kuruka hata Jumapili ya mvua, rudi kwenye daftari.

Hatua ya 5: Saa

Hili linatuhusu sisi kuliko watengenezaji wa programu, na ndiyo maana halimo katika maelekezo yao. Daftari likisema "saa 1:30 asubuhi", ni 07:30. Mchapaji anayeandika 1:30 amempeleka shorewanda usiku wa manane, na programu inapokea, kwa sababu 01:30 ni saa halali.

Weka safu mbili: saa kama ilivyoandikwa, na kipindi cha siku. Asubuhi na mchana, hadi saa 11 jioni, ongeza 6, ila saa 12 asubuhi ni 06:00. Saa 12 jioni ni 18:00, na kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku ongeza 18. Saa 6 usiku ni 00:00. Kuanzia saa 7 usiku hadi saa 11 alfajiri toa 6, na hapo simama uangalie tarehe pia: mtu aliyesikiliza bundi "usiku wa Jumamosi, saa 8" alikuwa tayari yuko Jumapili kwa kalenda ya kompyuta. Wanaofanya kazi ya popo na vyura wakumbuke hili zaidi ya wote.

Daftari lenye waandishi kadhaa huwa na mitindo yote miwili ndani yake. Mmoja anaandika 7:00, mwingine 1:00, wote wakimaanisha wakati ule ule. Muulize kila mmoja wao. Kama haiwezekani, acha saa wazi. Tarehe na mahali bado vina faida.

Data zilizotoka kwenye simu zina mtego wao. Baadhi ya programu hutoa muda wa UTC, saa ya kimataifa, ambao uko nyuma yetu kwa saa 3. Saa 07:00 inakuwa 04:00, na chochote kilichorekodiwa kabla ya saa 9 usiku kinarudi siku ya jana.

Hatua ya 6: Majina

Usikague majina mstari kwa mstari. Toa orodha ya majina yasiyojirudia. Faili la mistari elfu mbili huenda lina majina mia mbili tu. Kagua orodha hiyo, kando ya kila jina andika jina linalokubalika huko unakopeleka, kisha liingize kwa VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta katika orodha. Jina la asili libaki kwenye safu yake. Siku jina likibadilika tena, utashukuru.

Yanabadilika kweli. Furukombe aliyekuwa Haliaeetus vocifer sasa katika orodha inayotumiwa na eBird ni Icthyophaga vocifer. Mgunga wa gome la manjano uliouzunguka Ziwa Nakuru, ambao vitabu vya zamani vinauita Acacia xanthophloea, sasa ni Vachellia xanthophloea. Kwa viumbe mchanganyiko kifaa cha GBIF cha kulinganisha majina ni kizuri na ni cha bure: unapakia orodha, kinakuonyesha jina lipi limepatikana. Soma safu ya aina ya ulinganifu. EXACT ni sawa. HIGHERRANK maana yake kimeipata jenasi tu au ngazi ya juu zaidi. FUZZY ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu kimekisia jina linalofanana na lako, na mara nyingine kimekisia kiumbe tofauti kabisa.

Daftari likisema "heroe" bila zaidi, usimgeuze kuwa Phoeniconaias minor eti kwa sababu ndiye aliye wengi Nakuru. Phoenicopterus roseus naye yupo. eBird ina nafasi ya heroe ambaye spishi yake haikutambuliwa, itumie. Samaki, wadudu na mimea ni hivyo hivyo: panda ngazi moja juu, kwenye jenasi au familia, badala ya kubuni.

Hatua ya 7: Idadi na juhudi

Ukiandika 5-10 kwenye seli ya idadi, Excel itakupa tarehe. Ukiandika 10,000 na koma hiyo ikaingia kwenye CSV bila kufungwa kwa alama za nukuu, idadi inakuwa 10 na safu zote zinazofuata zinasogea. Geuza safu ya idadi kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa, andika 10000 bila koma, na makisio ya chini na ya juu yawe na safu zao. "Wengi" si namba. eBird inakubali X kwa maana ya kwamba alikuwepo bila kuhesabiwa, na X ni jibu la heshima.

Umbali kwenye faili la eBird ni kwa maili: kilomita 3 ni maili 1.86. Eneo ni kwa ekari. Hakuna ujumbe mwekundu utakaokuonya.

Safu inayouliza kama umeripoti spishi zote ulizoziona ijibiwe kwa uaminifu kabisa. Kama daftari liliandika ndege wa kuvutia tu na kuacha kunguru na shomoro, jibu ni N. Ukiweka Y, umesema kunguru hawakuwepo Kisumu siku ile, na wanaokokotoa mwenendo wa spishi watakuamini. Pia mistari yote ya orodha moja iwe na mahali, saa, muda na umbali ule ule, vinginevyo asubuhi moja itagawanyika kuwa orodha mbili.

Hatua ya 8: Kutoa CSV

Hifadhi kama CSV ya UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi). Maoni yenye koma yafungwe kwa alama za nukuu. Ondoa nafasi zilizofichika mwishoni mwa majina kwa fomula ya TRIM. Majina kama Ng'iya yatumie ile alama ya kawaida iliyonyooka, isiwe iliyopinda. Ukishahifadhi, usilifungue faili tena kwa Excel ukalihifadhi. Itageuza tarehe upya. Likague kwa Notepad: hesabu koma za mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Kwa eBird faili lisizidi MB 1, kwa hiyo data nyingi zigawe kwa miaka.

Hatua ya 9: Jaribu kwa mistari kumi

Usichague kumi ya juu. Chagua migumu: mmoja wa Kakamega na mmoja wa Dunga, mmoja wa tarehe 3 Aprili, mmoja wa usiku, mmoja wenye jina lililobadilika, mmoja wenye maoni marefu, mmoja wenye idadi ya maelfu. Ipakie, kisha fungua kila rekodi ndani ya programu na uilinganishe na daftari, siyo na jedwali. Jedwali ndilo lenye kosa.

Kumi hizo zikikaa sawa, pakia zilizobaki kwa mafungu. Orodha ya zilizokataliwa ihamishie kwenye ukurasa wake, irekebishe kwenye jedwali mama kwanza, kisha toa faili jipya lenye hizo tu. Usipakie faili zima upya.

Hatua ya 10: Ramani

Fungua ramani ya rekodi zako na utafute mambo mahususi. Je, kuna nukta Vihiga siku ambazo hukufika Vihiga? Bogoria? Tambarare za Kano? Je, nukta ziko katikati ya Ghuba ya Winam kwa ndege wa nchi kavu? Panga kwa mwezi uone wahamiaji wa Ulaya waliotokea Juni na Julai. Panga kwa saa uone wanaoimba saa 7 usiku.

Spishi zinazosakwa au kusumbuliwa kwenye viota, kama korongo taji, Balearica regulorum, zifiche mahali pake. iNaturalist ikificha inaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa digrii 0.2, kama kilomita 22 kila upande. Ukipakua data za wenzako kutoka huko na kutaka kuzipeleka kwingine, kumbuka kuwa nukta hizo zimefichwa na si mahali halisi. Ziache, au mwombe mwenye rekodi.

Kosa lolote utakalolipata kwenye ramani lisahihishe kwenye jedwali mama na kwenye programu, sehemu zote mbili, siku hiyo hiyo. Mistari ambayo bado ina shaka iache nje na namba yake na ukurasa wake wa daftari, ili mwenzako aliyekuwepo siku ile aweze kuiangalia.